Kufukuza Nyayo Zikiwa Mbichi: Maana ya "Hot Pursuit" na Matumizi Yake Mipakani

Yako maneno mawili ya Kiingereza ambayo hayakosi kusikika kila mara majeshi ya nchi moja yavukapo mpaka na kuingia nchi jirani. Maneno hayo ni "hot pursuit". Msemaji wa serikali huyatamka mbele ya waandishi wa habari, magazeti huyachapa kwa herufi kubwa, na wafasiri huyageuza vyovyote vile: mara "msako mkali", mara "operesheni ya kuwasaka waasi", mara "kufuatilia kwa karibu". Tafsiri zote tatu hazifai, na kutofaa kwake si jambo la walimu wa lugha peke yao. Maneno hayo ni jina la ruhusa maalum katika sheria ya mataifa. Ruhusa hiyo ina mwanzo wake, ina mwendo wake, na ina kikomo chake. Askari anayeambiwa kwamba anatumwa katika safari ya namna hiyo anastahili kujua kama kweli ndiyo, au kama ametiwa katika safari nyingine kabisa iliyovikwa jina hilo.

Tuanze na lugha yenyewe. "Pursuit" ni kumkimbiza mtu aliye mbele yako akitoroka. "Hot" ni moto, lakini si moto wa hasira wala wa mapambano kama wengi wanavyodhani. Ni uvuguvugu wa nyayo zilizokanyagwa sasa hivi. Sisi katika Kiswahili hatusemi nyayo za moto; mwindaji wetu huinama, akagusa udongo, akasema nyayo hizi mbichi. Basi tafsiri iliyo karibu zaidi na maana ni "kufukuza nyayo zikiwa mbichi". Ukali wa vita haumo katika maneno hayo. Kilichomo ni wakati. Askari wawili wakimfuata mwizi wa ng'ombe kwa miguu, bila kufyatua hata risasi moja, hiyo yaweza kuwa "hot pursuit". Na ndege za kivita zikiteketeza kambi nzima baada ya majuma ya matayarisho, hiyo haiwezi kuwa.

Asili ya jambo hili ni ya kale, na ni ya ng'ombe. Kabla ya mwaka 1603, Uingereza na Scotland zilipokuwa chini ya wafalme mbalimbali, mpaka baina yao ulijaa wezi wa mifugo waliovuka usiku na kurudi kwao kabla ya mapambazuko. Wasikilizaji wa Tarime na Migori, au wa Karamoja na Turkana, hawahitaji kuelezwa zaidi. Falme hizo mbili zilikubaliana sheria za mpakani. Aliyeibiwa aliruhusiwa kuvuka kuwafuata wezi wake katika muda wa siku 6, lakini kwa masharti. Alipaswa kwenda na mbwa wake, akipiga baragumu na kelele, na juu ya ncha ya mkuki abebe bonge la udongo wa nyasi linalowaka moto, ili kila amwonaye ajue kwamba huyu si mvamizi, ni mwenye mali anayefuata haki yake. Wenyeji wa upande wa pili hawakuruhusiwa kumzuia, walitakiwa wamsaidie.

Naomba msikilizaji akumbuke lile bonge la moto, kwa kuwa tutalihitaji huko mbele. Ruhusa ile ilitokana na mapatano ya pande zote mbili, na aliyeitumia alijionyesha waziwazi.

Katika sheria ya mataifa ya siku hizi, mahali ambapo ruhusa hii iko wazi kabisa ni baharini. Imo katika ibara ya 23 ya Mkataba wa Bahari Kuu wa Geneva wa mwaka 1958, na tena katika ibara ya 111 ya Mkataba wa Sheria ya Bahari uliotiwa saini Montego Bay, Jamaica, tarehe 10 Desemba 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985 na Kenya mwaka 1989. Tuchukue mfano. Meli ya kigeni yaingia katika eneo la bahari la nchi yetu, yaani ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani, ikafanya magendo. Mashua yetu ya doria yaiona. Mashua ile lazima kwanza itoe ishara ya kusimama, ya kuonekana au ya kusikika, na iitoe ikiwa karibu kiasi cha meli ile kuweza kuiona au kuisikia. Meli ikikaidi na kukimbia, mashua yetu ina haki ya kuifuata hata katika bahari kuu isiyo ya mtu, na kuikamata huko. Lakini ufukuzaji usikatike. Ukikatika, nahodha akaenda zake bandarini kulala na kurudi kesho yake, haki imekwisha. Tena anayefukuza awe ni chombo cha kivita au chombo cha serikali chenye alama za kutambulika. Na haki hiyo hufa palepale meli inayokimbia inapoingia katika eneo la bahari la nchi yake yenyewe au la nchi nyingine yoyote.

Sharti hilo la mwisho ndilo wanalolisahau wale wapendao kuitaja sheria ya bahari wanapotaka kuvuka mipaka ya nchi kavu. Bahari kuu haina mwenyewe, ndiyo maana yaweza kupitwa. Mara tu mfukuzaji anapofika mlangoni kwa mtu, sheria humsimamisha.

Hata nguvu za kutumia zina kadiri yake. Mwezi Machi 1929, wakati Marekani ilipokuwa imepiga marufuku pombe, walinzi wa pwani wa nchi hiyo walifukuza kwa siku mbili meli ya Kanada iliyoitwa I'm Alone, iliyokuwa ikipeleka pombe ya magendo. Walipoipata katika Ghuba ya Mexico, zaidi ya maili 200 kutoka pwani, nayo ikakataa kusimama, waliipiga mizinga wakaizamisha. Baharia mmoja alikufa. Shauri lilipelekwa mbele ya wajumbe wawili, mmoja wa kila nchi, na mwaka 1935 wakatoa uamuzi wao: kutumia nguvu za kiasi ili kuikamata meli kungeliweza kuwa halali, na hata kama ingelizama kwa bahati mbaya katika kukamatwa lisingekuwa kosa, lakini kuizamisha kwa makusudi hakukuwa halali. Marekani ikatakiwa kuomba radhi na kuilipa Kanada dola 25,000, mbali na fidia ya mabaharia. Kwa askari wa polisi jambo hili si geni. Anayefukuza hufukuza ili akamate.

Ushahidi kwamba kikomo hicho ni cha kweli ulionekana katika bahari yetu hii hii. Maharamia wa Kisomali walipokithiri, walikuwa wakishambulia meli katika bahari kuu na kisha kukimbilia ndani ya maji ya Somalia, ambako meli za kivita za mataifa makubwa zililazimika kusimama, ingawa zilikuwa na mizinga na rada za kila aina. Ilibidi Baraza la Usalama lipitishe azimio nambari 1816 la tarehe 2 Juni 2008, kwa ridhaa ya serikali ya mpito ya Somalia, kuziruhusu nchi zilizokuwa zikishirikiana na serikali hiyo kuingia katika maji hayo. Kama haki ya kufukuza ingevuka yenyewe, azimio hilo lingekuwa la kazi gani?

Sasa tupande nchi kavu. Katika sheria za mwenendo wa mashitaka ambazo nchi zetu zilirithi kwa Waingereza, mtu aliyetoroka mikononi mwa polisi aweza kufuatwa mara moja na kukamatwa mahali popote ndani ya nchi. Uzito wa sentensi hiyo umo katika maneno yake matatu ya mwisho. Askari wa Kagera aweza kumfuata mhalifu wake hadi Mwanza na Dodoma. Hawezi kumfuata hadi Masaka, hata kama anamwona kwa macho yake akikimbia ng'ambo ya jiwe la mpaka. Hakuna desturi ya jumla ya mataifa inayompa haki hiyo. Anayoweza kuitegemea ni mapatano tu, na mapatano yenyewe, pale yalipofanywa, yamekuwa ya kubana sana.

Tarehe 29 Julai 1882 Marekani na Mexico zilikubaliana kwamba majeshi ya kila upande yaweza kuvuka kuwafuata wapiganaji wa Kihindi Wekundu. Waliruhusiwa askari wa kawaida wa serikali peke yao, katika sehemu za jangwa tu, mbali na miji na makambi. Kamanda alitakiwa kutoa taarifa kwa wakuu wa upande wa pili kabla ya kuvuka au wakati wa kuvuka. Na akishapigana na aliowafuata, au akishapoteza nyayo zao, alipaswa kurudi kwao. Nchi za Ulaya zilizotia saini mkataba wa kutekeleza mapatano ya Schengen mwaka 1990 nazo ziliandika hivyo hivyo katika ibara ya 41: polisi anayevuka awe na sare au alama dhahiri, asiingie katika nyumba za watu, silaha yake asiitumie ila kwa kujilinda, na awaarifu wenyeji mapema kadiri iwezekanavyo. Hao ni majirani waliokwisha kuondoa vizuizi mipakani mwao, na bado wanabanana kiasi hicho!

Na pasipo mapatano? Historia ya Mexico yenyewe yatujibu. Tarehe 9 Machi 1916 wapiganaji wa Pancho Villa walishambulia mji wa Columbus katika jimbo la New Mexico. Baada ya siku 6 tu Jenerali Pershing alivuka mpaka na jeshi lake kuwafuata. Nyayo zilipotea, jeshi likabaki. Mwezi Juni likapigana, si na Villa, bali na askari wa serikali ya Mexico pale Carrizal, na nchi mbili zikakaribia kuingia vitani. Pershing aliondoka Februari 1917, yapata miezi kumi na moja tangu aingie, na Villa hakumpata.

Lakini ni hapa kusini mwa Afrika ndipo maneno haya yalipotumiwa vibaya kupita kiasi. Rhodesia ya Ian Smith na Afrika ya Kusini ya makaburu ziliyafanya kuwa wimbo. Kila waliposhambulia nchi za Mstari wa Mbele, ulimwengu uliambiwa kwamba walikuwa wakiwafukuza magaidi waliokimbilia huko. Tuyapime mashambulio hayo kwa kipimo tulichokwisha kukieleza.

Tarehe 9 Agosti 1976 kikosi cha Selous Scouts cha Rhodesia kiliingia Nyadzonya, nchini Msumbiji, katika kambi iliyojaa wakimbizi wa Zimbabwe. Kiliingia kwa magari yaliyopakwa rangi za jeshi la Msumbiji, na askari wake wamevaa sare za FRELIMO. Watu waliokuwa wamekusanyika uwanjani walidhani wanatembelewa na wenyeji wao. Zaidi ya watu 1,000 waliuawa. Lile bonge la moto juu ya mkuki liko wapi hapo? Mfukuzaji wa kweli hujitambulisha. Hawa walijificha ndani ya nguo za mwenye nyumba.

Tarehe 4 Mei 1978 Afrika ya Kusini ilishambulia Cassinga, Angola, kiasi cha kilomita 250 kaskazini ya mpaka wa Namibia. Ndege zilitupa mabomu kwanza, kisha askari wa miavuli wakashuka. Watu zaidi ya 600 walikufa. Makaburu walisema ile ilikuwa kambi ya kijeshi. SWAPO ikasema ilikuwa kambi ya wakimbizi. Ubishi huo ni mkubwa, lakini kwa swali letu la leo si lazima tuungoje umalizike. Ndege za mabomu na za miavuli hazipangwi kwa dakika kumi. Hupangwa kwa ramani, kwa picha zilizopigwa kutoka angani na kwa amri zilizotiwa saini juma kwa juma. Hapakuwa na mtu aliyekuwa akikimbia mbele yao.

Tarehe 9 Desemba 1982 makomando waliingia Maseru, mji mkuu wa Lesotho, wakaua watu 42 majumbani mwao usiku, na miongoni mwao wakiwamo raia 12 wa Lesotho. Tarehe 14 Juni 1985 ikawa zamu ya Gaborone, ambako watu 12 waliuawa, mmoja wao mtoto wa miaka 6. Ni baada ya shambulio hilo ndipo Baraza la Usalama, katika azimio lake nambari 568 la tarehe 21 Juni 1985, lilipoyataja maneno haya yenyewe kwa jina: pamoja na kulilaani shambulio, lilishutumu na kuikataa desturi ya Afrika ya Kusini ya "hot pursuit" ya kuitisha na kuivuruga Botswana na nchi nyingine za kusini mwa Afrika. Si mara nyingi chombo hicho kikubwa huchukua msamiati wa mshitakiwa na kuukataa mbele yake.

Hata hivyo makaburu hawakusikia. Tarehe 19 Mei 1986 walishambulia Harare, Lusaka na Gaborone siku moja, wakati ujumbe wa watu mashuhuri wa Jumuiya ya Madola ukiwamo ndani ya Afrika ya Kusini kutafuta njia ya mazungumzo. Miji mikuu mitatu ya nchi tatu, siku moja! Mtu hana budi kuuliza ni mwizi gani huyo aliyekimbia kwa njia tatu kwa wakati mmoja, na mojawapo ya njia hizo ikapita nchi nzima nyingine hadi Lusaka.

Kwa kuyasema haya hatusemi kwamba nchi inayoshambuliwa kutoka ng'ambo haina la kufanya. Ibara ya 51 ya Hati ya Umoja wa Mataifa yatambua haki ya kujilinda nchi inaposhambuliwa kwa silaha, kwa sharti la kuliarifu Baraza la Usalama mara moja. Hiyo ni haki nyingine, yenye mizani yake, na ni nzito zaidi. Ni haki ya vita, wala si kazi ya polisi. Mwezi Oktoba 2011, baada ya wageni kutekwa katika visiwa vya Lamu na wafanyakazi wa misaada kutekwa Dadaab, majeshi ya Kenya yalivuka na kuingia Somalia katika operesheni iliyoitwa Linda Nchi. Magazeti mengi yaliandika "hot pursuit". Serikali ya Kenya yenyewe ilitaja ibara ya 51 na mashauriano yake na serikali ya Somalia. Hapo wanasheria wa Nairobi walikuwa waangalifu kuliko waandishi, kwani jeshi lililofika Kismayu karibu mwaka mmoja baadaye lisingeweza kusemekana kuwa lilikuwa bado linafuata nyayo mbichi za watekaji. Mwaka 2012 majeshi hayo yaliingizwa katika jeshi la Umoja wa Afrika nchini humo.

Njia ya pili ni ridhaa. Mwaka 2002 Sudan iliiruhusu Uganda kuingia kusini mwa nchi hiyo kuwasaka wapiganaji wa Joseph Kony, na mwanzoni ilichorewa mstari wa kutouvuka, ambao ni barabara ya Torit hadi Juba. Lakini ridhaa huweza kuondolewa. Congo iliyoyakubali majeshi ya Uganda mashariki mwa nchi yake iliiondoa ridhaa hiyo mwaka 1998, na majeshi hayakutoka, yalisonga mbele. Uganda ilidai kwamba ilikuwa ikijilinda na waasi waliokuwa wakivuka mpaka. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, katika hukumu yake ya tarehe 19 Desemba 2005, haikukubali, na ikasema kwamba kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakulingani na mashambulio ya mpakani. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama hiyo iliiagiza Uganda ilipe dola milioni 325, kwa awamu tano za dola milioni 65 kila mwaka.

Basi kwa askari anayeandika taarifa ya tukio la mpakani, maneno haya yasiwekwe kwa kuwa yanasikika vizuri. Na yaandikwe yale yanayoweza kupimwa: saa kosa lilipotendeka, saa ufukuzaji ulipoanza, kama ulikatika na wapi, nyayo zilipotelea mahali gani, ni mapatano gani yaliyotegemewa katika kuvuka, na cheo cha ofisa wa upande wa pili aliyepewa habari pamoja na saa aliyopewa. Nafasi hizo mbili za mwisho zikibaki tupu, kilichotokea kiitwe kwa jina lake la Kiswahili, nalo ni kuvuka mpaka wa nchi ya watu kwa silaha.